Mlinganyo wa Ishirini na Mbili wa Mwalimu Leonidas Kapele

Waheshimiwa mapadre na masista, viongozi wa kijiji chetu cha Mwazye, wageni mliotoka Sumbawanga, Laela na bondeni Kaoze, majirani, ndugu na jamaa, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Redempta, mtoto wa kwanza wa marehemu. Kwa desturi kazi hii ingefanywa na baba mdogo Enock, lakini baba mdogo amesema hawezi kuisoma historia hii kama ilivyoandikwa, nami nikasema siwezi kuisoma ikiwa imepunguzwa, tukabishana jana mchana kutwa, mwishowe mama akasema, basi asome Redempta. Naomba mnivumilie panapokuwa parefu, na atakayeumizwa na jambo la kweli naye avumilie, maana marehemu alilivumilia kwa miaka minne.

Marehemu Leonidas Modesti Kapele alizaliwa hapa Mwazye tarehe 12 Machi 1948, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Modesti Kapele na Mama Avelina, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki, wakulima wa mahindi na ulezi kama wengi wetu, na alibatizwa katika parokia hii siku tisa baada ya kuzaliwa. Bibi Avelina alikuwa akitusimulia kwamba baba alipokuwa mdogo hakukubali kucheza mchezo wowote na wenzake kabla hawajasema sheria zake zote, akisimama pembeni na kuwaambia, semeni kwanza, ndipo tuanze, na wenzake wakamwona msumbufu, lakini mchezo ukiharibika walikuwa wanamwita yeye aamue.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa Mwazye kuanzia mwaka 1956 hadi 1959, akaendelea na shule ya kati hadi 1963, kisha seminari ndogo kwa miaka minne, ambako walimu wake walitambua kwamba wito wake ulikuwa wa hesabu, wakamwachia kwa heri, akasoma kidato cha tano na cha sita Tabora mwaka 1968 na 1969, akalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1970, na mwaka 1971 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1974 shahada ya sayansi na ualimu, somo lake kuu likiwa hisabati. Huko chuoni alipangwa chumba kimoja na ndugu Polikarp, aliyekuwa akisoma kozi hiyohiyo, wakala sahani moja na kukopeshana viatu vya mtihani, na tangu hapo kila aliyemjua mmoja alimjua na mwingine. Ndugu Polikarp yupo hapa leo, amekaa safu ya mbele.

Septemba 1974 marehemu alianza kufundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini Sumbawanga, na tarehe 16 Oktoba 1976, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na mama yetu Dominika, msimamizi wa ndoa akiwa ndugu Polikarp. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi niliyezaliwa Agosti 1977, Adolfu aliyezaliwa Mei 1980, na Cornelia aliyezaliwa Januari 1985, wakati baba akiwa masomoni ng'ambo. Baba yangu wa ubatizo ni ndugu Polikarp.

Mwezi Oktoba 1984 marehemu alipata nafasi ya kwenda Uskoti kusomea shahada ya uzamili, akarudi Novemba 1986, akaikuta nchi imegeuka, kanga na sabuni tulizokuwa tukizipangia foleni zinaning'inia kwenye kila baraza, na kila mtu mjini anazungumzia soko huria. Watu wengi walimuuliza alisomea nini kule, na wengi waliondoka bila kuelewa, kwa hiyo naomba nieleze kama alivyotueleza sisi watoto. Alisomea namna ya kueleza kwa milinganyo ya aljebra kazi ambayo kompyuta inatakiwa kuifanya, kabla mtu yeyote hajaandika programu hata mstari mmoja, ili baadaye kila mtu aweze kupima kama mashine inatenda yaliyokubaliwa. Jioni moja, tukiwa mezani, alimwuliza Cornelia, sahani iliyooshwa jikoni ukiihamishia sebuleni, imeoshwa au haijaoshwa? Cornelia, ambaye hakuwa ameanza shule, akajibu, imeoshwa, mpaka mtu alie chakula. Baba alicheka mpaka akavua miwani, akasema, sasa umeandika milinganyo miwili, wa kwanza unasema kuhamisha hakuchafui, wa pili unasema kula kunachafua, na ukiacha mmoja tu kati ya hiyo, nyumba hii itaosha vyombo mpaka kiama.

Sasa nafika kwenye ukurasa nilioombwa niuruke.

Mwaka 1992 mabwana mifugo wengi wa vijijini walipunguzwa kazini, wakaambiwa wajitegemee, na mahali pao ukaja mradi wa wahisani ulioitwa Vibali vya Mifugo, wenye vyumba vitatu mjini Sumbawanga na kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kwa ajili ya vumbi. Kusudi lake lilikuwa jema, kuzuia homa ya mapafu ya ng'ombe, kila ng'ombe aandikishwe, achanjwe, na asihamishwe bila kibali. Mratibu wa mradi alikuwa ndugu Polikarp, na Jumapili moja baada ya misa alikuja nyumbani, akamwambia baba, ambaye yeye alimwita Leo kwa kifupi cha Leonidas, "Leo, acha chaki. Nakupa kazi uliyoisomea." Baba aliacha ualimu, na tarehe 1 Machi 1993 akaripoti katika mradi huo, na mama anasema hajawahi kumwona amefurahi namna ile tangu siku ya harusi.

Kwa miezi kumi aliandika. Alikaa na mabwana mifugo waliobaki, na wachungaji, na wanunuzi wa mnadani Laela, akiwauliza maswali ambayo mtu mzima huona aibu kuyauliza, ng'ombe akifa kibali chake kinakufa, ndama anarithi kitu gani kwa mama yake, na majibu yao akayageuza kuwa milinganyo arobaini na moja, ambayo Mama Debora, katibu muhtasi wa ofisi, aliipiga chapa kurasa kumi na nane. Mlinganyo wa ishirini na mbili ulisema kwamba hali ya chanjo ya ng'ombe aliyehamishwa ni ileile aliyokuwa nayo kabla ya kuhamishwa. Ni ile sahani ya Cornelia. Tarehe 14 Januari 1994 marehemu aliweka sahihi ukurasa wa kwanza, ndugu Polikarp akasaini kama shahidi, na kurasa zile zikakabidhiwa kwa mafundi wa Dar es Salaam waliokuja kutengeneza programu.

Mwezi Mei mwaka huohuo baba alitumwa bonde la Rukwa kuwashawishi wafugaji waandikishe mifugo yao, familia thelathini na nane, wengi wao Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga, ambao walikuwa wameshahamishwa mara nyingi mno hata wakaogopa kila karatasi. Pale Kaoze alikaa siku tatu nyumbani kwa Mzee Mboje, ambaye watu walimsikiliza, na siku ya tatu Mzee Mboje akamwuliza mbele ya wote, "Mwalimu, kiangazi sisi tunapandisha ng'ombe juu huko Laela kutafuta majani. Tukiwarudisha, chanjo bado ipo?"

Baba akamjibu, "Ipo mpaka miaka miwili iishe. Nimeiandika mimi mwenyewe."

Mzee Mboje akawageukia wenzake, akasema nao kwa Kisukuma, na kesho yake ng'ombe wakaletwa kuchanjwa, wa kwake peke yake wakiwa mia mbili na kumi na tatu.

Julai walipandisha, na Desemba wakarudisha, wakiwa na vibali vyote mkononi. Mei 1995 orodha ilitoka kwenye kompyuta, ikionyesha kwamba katika bonde zima ng'ombe waliochanjwa walikuwa wachache, na kwamba familia zote thelathini na nane zilikuwa zinafuga mifugo isiyochanjwa, na amri ikafuata, mifugo hiyo iondolewe mkoani, la sivyo itakamatwa. Ijumaa tarehe 9 Juni 1995 mgambo walizoa ng'ombe, wakawafungia kwenye zizi la mradi lisilokuwa na kisima, na mabwana mifugo waliojua kwa macho yao kwamba ng'ombe wale walichanjwa, kwa kuwa waliwachanja wao, walionyeshwa orodha, wakaambiwa kompyuta haikosei.

Baba alifungua programu, akapima mlinganyo mmoja baada ya mwingine kama alivyosomeshwa, na siku ya tatu akagundua kwamba kila ng'ombe aliyehamishwa, kompyuta ilimhesabu kuwa mpya, asiye na chanjo. Akaomba faili, akakuta maandishi yake yana milinganyo arobaini. Wa ishirini na mbili haukuwepo, iliyofuata ilikuwa imepewa namba upya na kupigwa chapa upya, na ukurasa wa kwanza wenye sahihi yake ulikuwa umeachwa palepale juu. Daftari lake la mkono, lililokuwa kabatini ofisini, halikuonekana tena.

Jumatano tarehe 21 Juni ndugu Polikarp alikuja nyumbani, saa kumi jioni, nami nilikuwa sebuleni nikichambua maharage, hakuna aliyeniambia nitoke, kwa hiyo ninayosema sikusimuliwa.

Ndugu Polikarp alisema, "Ni mlinganyo mmoja tu, Leo. Kati ya arobaini na moja."

"Nani aliutoa?"

"Mafundi waliniuliza kama ni wa lazima. Nikasema si wa lazima."

"Ulijua maana yake?"

Alikunywa chai kwanza, ndipo akajibu. "Lile bonde lilikuwa limeshaombwa na kampuni ya mashamba, na wakubwa walishakubali. Walitaka sababu tu. Mimi ningefanya nini? Ungekuwa wewe, ungeacha kazi?"

"Ningeacha," baba akasema.

Kisha ndugu Polikarp akatoa barua iliyokwisha pigwa chapa, yenye maneno ya baba asiyoyasema, kwamba kosa lilikuwa katika milinganyo yake tangu mwanzo, akaeleza kwamba baba akisaini, jambo zima litaitwa hitilafu ya kitaalamu, amri itasimamishwa, na zizi litafunguliwa kesho asubuhi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akasema, "Baba Redempta, usisaini." Baba akamjibu bila kumtazama kwamba ng'ombe wale walikuwa wanaingia siku ya kumi na tatu, wakiletewa maji kwa mapipa. Akasaini juu ya meza yetu ya kulia. Ndugu Polikarp akamshika bega, akamwambia, "Nitakutetea," akaondoka, na mlangoni akanipa pipi, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba.

Kesho yake zizi halikufunguliwa. Lilifunguliwa Julai, na Mzee Mboje akarudishiwa ng'ombe sitini na mmoja, wengine walikufa kwa kiu na wengine hadi leo hatujui walipelekwa wapi, na kabla msimu wa kilimo haujaanza familia zile zilikuwa zimeondolewa kwenye malisho yao, zikabanwa pembezoni mwa Kaoze. Baba alipata barua ya kupunguzwa kazini tarehe 30 Juni 1995, sababu ikitajwa kuwa ni uzembe aliokiri mwenyewe kwa maandishi.

Alikwenda Kaoze kwa basi na kwa miguu, akafika nyumbani kwa Mzee Mboje, mwenyeji akakataa kutoka nje. Aliyetoka ni mkewe, Mama Hellena, akamwambia, "Mwalimu, sisi hatukuiamini serikali. Tulikuamini wewe." Baba alirudi nyumbani, akatusimulia neno hilo mara moja, hakulirudia. Baba mdogo Enock na wazee wa ukoo walimshauri anyamaze, kwa kuwa ndugu Polikarp alikuwa amepanda cheo na vijana wa ukoo walihitaji mtu mjini, naye akanyamaza, na baba mdogo anajua kwamba nalisema hili nikiwa bado namheshimu. Kuanzia hapo hadi alipougua alifundisha watoto hisabati nyumbani, kwenye ubao uliofungwa kwenye mti wa parachichi, na watu wa bondeni waliopita njiani hawakumsalimu, na alipokuwa stendi ya Laela alikuwa anajifunika kofia usoni, mtu ambaye kosa halikuwa lake.

Marehemu alianza kuugua Septemba 1998, chakula kikawa hakipiti, na Februari 1999 madaktari wa hospitali ya mkoa walimpeleka Mbeya, ambako ilionekana ana saratani ya koo la chakula iliyokwisha sambaa, akarudishwa Sumbawanga auguzwe karibu na nyumbani. Mwezi Juni Mama Debora, ambaye naye alikuwa amepunguzwa kazini na ambaye amenipa ruhusa kumtaja, alikuja wodini, akatoa kwenye kikapu, chini ya nguo, kurasa kumi na nane za karatasi ya kaboni, nakala ya kwanza ya milinganyo arobaini na moja. Alilia, akasema aliificha miaka yote hiyo kwa kuwa alikuwa analea wanawe peke yake na aliogopa. Baba alimwambia, "Debora, hata kuitunza ni kazi." Nilitaka ipelekwe kwa wakubwa, au kwa waandishi wa habari, lakini baba alikataa, akasema niipeleke kwanza kwa mtu aliyeahidiwa.

Nilikwenda Kaoze tarehe 26 Juni. Mzee Mboje alinisikiliza akiwa amesimama, nikamsomea mlinganyo wa ishirini na mbili kwa Kiswahili cha kawaida, nikamweleza ulivyotolewa, na sikumficha kwamba baba alisaini barua. Akanipa kiti, akaingia ndani, na nilisikia wakizungumza na mkewe kwa muda mrefu.

Tarehe 2 Julai alikuja wodini na kibuyu cha maziwa, akavuta kiti.

"Mwalimu, binti yako amenisomea. Kumbe uliandika."

"Niliandika," baba akasema, na sauti ilikuwa imeshakwisha. "Halafu nikasaini kwamba nilikosea."

"Hilo nalo amenisomea. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, na jina langu liko chini ya uongo?"

Mzee Mboje alitazama dirishani. Akasema, "Ng'ombe wanazaa, wanarudi. Mimi kilichoniuma ni kwamba niliwaambia watu, huyu ni mtu wa kweli. Nikaonekana mjinga mbele ya wanangu." Hakusema kwamba amesamehe, na baba hakumwuliza, lakini alimnywesha maziwa kwa kijiko, vijiko vitatu vikapita, na kuanzia siku hiyo alikuja kila wiki, kilomita zote hizo za kupanda milima, mpaka mwisho. Ndugu Polikarp, ambaye ofisi yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka wodini, hakuja hata mara moja.

Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 17 Agosti 1999, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, baada ya kupokea sakramenti ya wagonjwa. Ameacha mjane, watoto watatu na wanafunzi wengi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Sumbawanga na wa Mbeya, ambao hawakutuficha ukweli wa ugonjwa hata siku moja, nawashukuru majirani zetu wa mjini waliopika na kufua kwa miezi sita bila kuombwa, paroko na jumuiya ndogondogo, walimu wenzake wa zamani waliochonga jeneza hili kwa mikono yao, na Mama Debora. Ofisi ya mradi imeleta shada la maua lenye maandishi kwamba marehemu alikuwa mtumishi wao mwaminifu, tumelipokea, lakini tunaomba barua yake ya kupunguzwa isahihishwe ilingane na shada hilo, na nakala ya kurasa kumi na nane itawafikia wiki ijayo, kwa sababu mama amekubali.

Baba yangu wa ubatizo, jana ulipofika nilikupigia goti na kukuamkia shikamoo kama nilivyolelewa, na nitaendelea kukuamkia. Ratiba mliyogawiwa inaonyesha kwamba baada ya historia hii utasimama wewe, uzungumze kwa niaba ya marafiki wa marehemu, nami najua umeandaa hotuba. Familia imeibadilisha sehemu hiyo leo asubuhi, na baada ya kubishana sana hata baba mdogo Enock amekubali. Tunakuomba ubaki umekaa.

Baba, umesema yako na tumeyasoma yote, pumzika kwa amani.

Mzee Mboje, karibu mbele.